Chama Walichokiita cha Mazishi

Mwezi wa sita, kijijini Mollo kuna baridi isiyo na huruma. Kristiana alikuwa uani anapukuchua mahindi, amevaa sweta mbili. Binti yake, Edith, alikuwa anapeta ulezi. Mumewe, Modesti, alikuwa anachonga mpini wa jembe huku akipiga mluzi vibaya, kama kawaida yake.

Kristiana hakuusikia huo mluzi. Asubuhi ile alikuwa ametoka zahanati. Alikuwa na uvimbe mdogo kwenye titi, mgumu kama punje ya hindi. Haukuuma. Muuguzi aliugusa, akanyamaza kidogo, kisha akamwambia aende akapimwe hospitali ya rufaa, Mbeya.

"Usiende peke yako," muuguzi alisema. "Kuna akina mama wa chama cha Tusimame. Unaniruhusu niwajulishe?"

Kristiana aliitikia tu. Nyumbani alimwambia Edith peke yake. Modesti hakuambiwa kitu; walingoja kwanza aende nyuma ya nyumba.

"Hebu nitazamie hicho chama kwenye simu yako," alimnong'oneza binti yake.

Edith alifungua kamusi elezo ya mtandaoni. Hiyo ni kama kitabu kikubwa cha maarifa kilichomo ndani ya simu, na huandikwa na watu wengi wa kila mahali. Akasoma kwa sauti kabla ya kufikiri.

"Tusimame ni chama cha mazishi cha Sumbawanga. Huzika watu waliougua saratani."

Mikono ya Kristiana ikasimama.

"Soma tena."

Edith akasoma tena, kwa sauti ndogo.

"Kumbe muuguzi amenikabidhi kwa wazikaji," Kristiana alisema. "Ameshajua. Ndiyo maana alinyamaza."

"Mama, labda wamekosea."

"Wamekosea nini? Si imeandikwa!"

Tangu siku hiyo hofu ilihamia katika nyumba ile. Kristiana hakula vizuri. Hakutaka kusikia jina la Mbeya. Alianza rozari, akaikatisha katikati, akaanza upya. Edith aliogopa mama yake akienda, na aliogopa zaidi asipoenda.

Jumamosi mchana mbwa alibweka. Jirani yao Jovina aliingia uani na mzigo wa kuni kichwani na ndoo ya unga mkononi. Nyuma yake walikuja wanawake wawili, nao wamebeba kuni. Kwetu Ufipa, ukiwaona wanawake wameongozana na kuni na unga, huulizi wanakwenda wapi. Wanakwenda msibani.

"Bado sijafa!" Kristiana alipiga kelele. "Edith, wafukuze! Bado sijafa!"

Modesti alitoka mbio na mpini wake.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Hivyo ndivyo alivyopata habari za uvimbe wa mkewe, maskini. Mluzi ukaishia pale.

Jovina alitua mzigo.

"Hodi, mama Edith. Hakuna aliyekufa, muuguzi ametujulisha kuhusu safari yako. Wewe ukiwa Mbeya, huku nani atatafuta kuni? Sisi Tusimame tunasaidia hapo."

"Ninyi ni wa mazishi. Imeandikwa kwenye simu."

Edith akamwonyesha. Jovina alisoma, akakaa juu ya kuni zake.

"Mimi nilitibiwa saratani ya titi wakati Edith yuko shule ya msingi, ila sikuwaambia majirani," alisema. "Hawa wenzangu pia walitibiwa. Tunafanana na maiti? Mtu ametuona na kuni, akadhani ni msiba, akaandika alichodhani. Mama Edith, si kila uvimbe ni saratani. Na hata ikiwa saratani, ukiwahi una nafasi kubwa ya kupona. Kuchelewa ndiko kubaya."

Kristiana aliinyooshea simu kidole.

"Kama ni uongo, yatoeni hayo maneno. Yakitoka, nitakwenda."

Jovina hakungoja. Alichukua simu ya Edith, akafuta yote, akaandika: "Tusimame ni chama bora kuliko vyote Tanzania. Mungu anakipenda." Maharage yalikuwa hayajaiva pale jikoni, sifa zake zikawa zimeondolewa na mwandishi mwingine wa kamusi ile. Maneno ya mazishi yakawa yamerudi.

"Mnaona?" Kristiana alisema. "Hata simu inakataa." Akaingia chumbani, akajifungia.

Edith alikimbia hadi kwa mwalimu Adolfu, ambaye amekuwa akiandika katika kamusi ile siku nyingi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

Edith akamweleza yote. Mwalimu akafungua kompyuta yake.

"Pale mtu yeyote anaweza kuandika," alisema. "Kwa hiyo kosa linaweza kuingia, na mtu yeyote anaweza kulisahihisha. Lakini Jovina amesifu tu, hakuonyesha chanzo. Tena yeye ni mwanachama. Mtu hatakiwi kuandika makala ya chama chake mwenyewe. Kuna ukurasa wa majadiliano. Aseme pale yeye ni nani, aonyeshe kosa, aombe lisahihishwe."

"Chanzo ndiyo nini, mwalimu?"

"Habari iliyochapishwa na watu wasio wa chama. Gazeti, kitabu, tovuti ya redio."

"Hata kama yeye anajua ni kweli?"

"Hata hivyo. Aliyeandika mazishi naye alidhani anajua. Msomaji lazima aweze kuhakikisha mwenyewe. Wewe si mwanachama. Andika, nitakagua."

Walitafuta mpaka wakapata habari ya gazeti kuhusu chama kile. Edith akaandika kwa maneno yake: "Tusimame ni chama cha watu waliotibiwa saratani mkoani Rukwa. Huwasindikiza wagonjwa hospitalini na kuzisaidia familia zao." Mwisho wa kila sentensi akaonyesha gazeti. Kwenye majadiliano akaeleza kuwa habari ya mazishi haikuwa na chanzo.

Kisha akangoja kwa hofu. Alifungua ukurasa, akafunga, akafungua tena. Kesho yake maneno yalikuwa palepale. Akaenda kuyasoma mlangoni kwa mama yake.

"Rudia hapo," sauti ilitoka ndani.

"Watu waliotibiwa saratani."

Mlango ulifunguka. Kristiana alikuwa amevimba macho.

"Mwambie Jovina tunakwenda," alisema.

Walikwenda Jumatatu. Hofu nayo ilipanda basi, tusidanganyane. Vipimo vilionyesha saratani, lakini ilikuwa bado ndogo. Kristiana alifanyiwa upasuaji, akapewa dawa kali. Nywele zilimtoka. Alilia sana. Modesti alijifunza kusonga ugali, na familia ikavumilia. Leo Kristiana analima, na huenda kuangaliwa kila daktari anapomwita. Yeye ndiye anayepokea simu za Tusimame.

Juzi mwanamke alimpigia kutoka Kirando.

"Nimepewa namba hii zahanati," alisema. "Nimesoma habari zenu kwenye simu ya mwanangu. Mama, ni kweli ninyi mliugua na mko hai?"

"Mimi niliugua. Unaongea na mimi."

Mwanamke yule alianza kulia.

"Naogopa, mama."

"Najua," alisema Kristiana. "Njoo hivyohivyo na hofu yako. Nitakuwa stendi nakusubiri."