Jengo Alilolipitisha Mezani

Ukumbi wa huduma wa halmashauri Jumatatu asubuhi ni vurugu tupu. Namba zinaitwa, mwenye namba hayupo, asiye na namba ndiye wa kwanza dirishani. Mkaguzi wa majengo alikuwa akipenya katikati ya umati huo, rundo la mafaili kifuani, sketi ya buluu imemkaa barabara, viatu vinalia ko ko ko, aliposikia sauti nyuma yake.

"Dada, usigeuke. Sketi imefumuka."

"We kaka! Macho yako yalikuwa wapi?"

"Kwenye mshono. Mimi fundi cherehani, ndiyo kazi yangu. Shika pini hii. Wewe tangulia, mimi nakufuata kama mlinzi wa waziri."

Alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka. Wakaandamana hivyo hadi ofisini kwake, yeye mbele kajawa na haya, fundi nyuma na fomu yake ya leseni, shati jeupe limenyooka kwa pasi, pini tano zimechomekwa kwenye kola. Walipofika mlangoni walikuwa wameshapeana namba za simu.

Basi simu zikaanza. Asubuhi simu, mchana simu.

"Umekula, Mkaguzi wangu?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Mimi nikikusikia tu nashiba."

"Muongo mkubwa! Haya, usile tena, tuone."

Mapenzi ya wiki tatu, lakini binti wa watu alikuwa hajiwezi. Wiki ya nne akaenda dukani kwa fundi kuichukua ile sketi, aliyokuwa amempa aishone upya. Fundi alikodi chumba cha chini katika jengo la ghorofa nne. Mama yake mzazi, mwenye miguu mibovu, aliishi ghorofa ya tatu. Mkaguzi alifika na gauni la njano, manukato kidogo shingoni, anatabasamu peke yake. Akainua macho asome namba ya jengo juu ya mlango. Kumi na nne. Tabasamu likamfia mdomoni.

Hakuwahi kukanyaga pale, ila jengo alilijua. Tangu halmashauri ilete mpango wake wa kuboresha huduma, kila mkaguzi alitakiwa kukagua majengo ishirini kwa wiki, na aliyefikisha jina lake lilibandikwa ubaoni kwa wino wa kijani. Wakaguzi sita, gari moja, na gari lenyewe mara nyingi halina mafuta. Ubao haukuuliza habari za gari. Wakajifunza kukagua wakiwa wamekaa: fungua faili la zamani, andika "salama," gonga muhuri, hamia jingine. Naye alikuwa hodari wao, mpaka barua ya pongezi alipewa. Namba kumi na nne aliipitisha miezi mitano nyuma, huku anakunywa chai.

"Pita, mpenzi," fundi aliita kutoka ndani. "Sukuma kwa nguvu, mlango huu una kiburi. Nimeuranda mara mbili mwezi huu."

Akaupapasa ukingo wa mlango. Mlango hauvimbi mara mbili kwa mwezi wakati wa kiangazi. Kinachoshuka ni kile kilicho juu yake. Akaitazama nguzo kando ya cherehani. Ilikuwa imetundikwa vitambaa, lakini nyuma ya vitambaa ufa ulipanda kutoka sakafuni hadi darini. Akaingiza vidole. Viwili vikazama, na vumbi laini likamwagikia viatuni.

"Hiyo inakohoa tu," fundi akacheka. "Uzee."

Juu huko mtu alisikika akiburuta kiti. Mkaguzi akaona kama dari imemsogelea kichwani.

"Hama hapa," akasema. "Wewe na mama. Leo."

"Nihame niende wapi? Kisa nini?"

"Basi tu. Hapa hapakufai."

Fundi akaacha kucheka. "Ala! Kumbe ni hivyo. Duka langu linakutia aibu."

"Sivyo hata kidogo..."

"Sketi yako hii hapa. Nenda zako ofisini."

Hapo ndipo angesema. Hakusema. Alijua akitamka neno moja kazi imekwenda, na fundi naye amekwenda, akaviogopa vyote viwili kwa mpigo. Siku nane, jamani! Siku nane anapiga simu, haipokewi. Gari la mchanga likipita anashtuka, king'ora kikilia anakimbilia dirishani. Mara mbili alifika mlangoni kwa mkurugenzi, mara mbili akarudi bila kubisha hodi.

Siku ya tisa asubuhi, fundi alimtumia ujumbe wa kejeli: "Leo mlango umegoma kabisa, nimeingilia dirishani. Ungekuwepo ungenicheka vizuri."

Hakuaga mtu. Alitoka mbio, viatu akavivua njiani.

"Tokeni! Tokeni wote, jengo linaanguka!"

Vichwa vikachungulia madirishani. "Nani kasema?"

"Mimi, mkaguzi!"

"Mkaguzi si ndiye aliyeandika liko salama? Karatasi yake tunayo ukutani."

"Ndiye mimi niliyeandika!" alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. "Sikuja! Niliandika nikiwa mezani! Tokeni!"

Fundi alimsikia, na uso ukambadilika. Aliruka dirisha, akapanda ngazi mbilimbili, akashuka na mama yake mgongoni. Wapangaji walipoona hivyo wakaanza kutoka, wengine na magodoro, wengine na matusi.

Wakasimama ng'ambo ya barabara. Jengo nalo likasimama vilevile, nusu saa, saa nzima. "Tumetolewa na kichaa," mmoja akasema. Mhandisi wa halmashauri akafika, akavaa kofia yake ngumu taratibu, akaingia akipiga mluzi. Dakika mbili hazikuisha. Alitoka mbio, kofia kaiacha ndani, na hakuna aliyesema tena habari za kichaa.

Saa nane mchana ghorofa zote nne zilikaa chini kwa kishindo kimoja. Watu walihesabiana ndani ya vumbi, wakiitana huku wanalia. Hakupungua hata mmoja.

"Siku nane ulijua," fundi akamwambia. "Siku nane mama yangu analala mle."

"Niliogopa."

Fundi akamshika mama yake mkono, wakaondoka.

Kesho yake mkaguzi alisimamishwa kazi. Mkurugenzi akamvuta pembeni. "Binti, andika kwamba ulipitiwa. Jengo moja tu. Haya mambo tutayamaliza." Akarudi nyumbani na karatasi nyeupe, akashindwa kuandika. Siku ya tatu asubuhi simu ikalia.

"Mama anasema nikupigie," fundi alisema.

"Mama peke yake?"

"Usinichekeshe, bado nina hasira. Nijibu kitu kimoja. Uliyoyaandika ukiwa mezani ni mangapi?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo.

"Mengi mno. Ya ghorofa kama lile ni mengine kumi na saba."

Alisubiri simu ikatwe.

"Unajua yalipo?"

"Yote."

"Mkurugenzi anajua?"

"Hataki kujua. Fundi, naogopa. Wapangaji watanipiga. Nitafungwa."

"Hata mimi naogopa. Nakupenda na nakuogopa, sijui nifanyeje. Niko hapa nje kwenu. Vaa viatu vya kutembea."

"Na nikifungwa kweli?"

"Ukitoka nitakuoa. Sasa njoo, watu wamo ndani ya hayo majengo."

Walitembea wameshikana mikono, viganja vyote vimelowa jasho. Kwenye jengo la kwanza mwanamke mmoja alikuwa anaanika nguo uani, na watoto watatu wanacheza ngazini. Mkaguzi hakuuachia mkono wa fundi.

"Habari za asubuhi, mama," akasema. "Mimi ndiye niliyeandika kwamba jengo lenu liko salama. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kulitia machoni. Naomba kuingia."