Kengele ya Mpangaji

Paka wa nyumba ile alianza kwa kususa chakula, na hilo peke yake lisingemshtua mtu, maana paka wana maringo yao. Kilichomsumbua mama wa nyumba ni namna alivyosusa. Kopo lilikuwa bado halijafunguliwa. Paka, ambaye walimwita Soksi kwa sababu ya miguu yake myeupe, alikaa mbele ya kopo hilo jikoni saa nzima, macho yakitembea kutoka kushoto kwenda kulia, yakifika mwisho yanarudi kushoto na kuanza upya, taratibu.

"Baba Kitufe, hebu njoo umwone paka wako," alimwita mumewe. "Anasoma."

Mume alicheka akiwa bado anafunga vifungo vya shati. "Paka hajui kusoma, mama. Ndiyo maana kiwanda chetu bado kiko wazi."

Mzaha huo haukuwa wake. Alikuwa ameuokota kwa meneja, na kila alipourudia alijisikia vibaya kidogo, kama mtu aliyevaa shati la mwenzake.

Baba Kitufe alikuwa mpokeaji wa mizigo kwenye lango la nyuma la kiwanda cha chakula cha mbwa na paka. Alikuwa mtu mwema. Nalisema mapema, kwa sababu watu wakisikia visa vya namna hii hutafuta mhalifu mwenye pembe, na hapa hayupo. Kulikuwa na baba mwenye binti wa miaka mitano, kitabu cha mapokezi na kalamu. Siku nyingi malori yalileta mabaki ya machinjioni, vichwa, kwato na matumbo, na hayo hayakumnyima mtu usingizi. Lakini kila Alhamisi lilikuja gari dogo lenye mapipa ya bluu kutoka kwenye zahanati za wanyama.

Mara ya kwanza alipofunua pipa la bluu alirudi nyuma hatua mbili. Walikuwa paka na mbwa wa watu, waliozeeka au kuugua wakachomwa sindano ya kulala. Manyoya yalikuwa yamechanwa vizuri. Wengine walikuwa bado na kola shingoni.

Akapanda ngazi hadi kwa meneja.

"Wanachemshwa, wanakaushwa, wanasagwa," meneja alimwambia bila kuinua macho. "Wakitoka hapo ni unga. Unga hauna jina. Wewe andika mabaki ya machinjioni, weka sahihi. Paka hajui kusoma."

Akaandika. Akaweka sahihi. Wiki iliyofuata alisita kidogo, na wiki ya tatu aliandika kabla pipa halijashushwa.

Kola ndizo zilizompa taabu. Vifungo vyake vya chuma viliharibu meno ya mashine, kwa hiyo kabla pipa halijamiminwa ilikuwa kazi yake kuingiza mkono na kuzivua, moja moja. Alitakiwa kuzitupa kwenye vyuma chakavu. Hakuzitupa. Alizihifadhi kwenye bati la biskuti ndani ya kabati lake la kazini, pamoja na vibati vyake vyenye majina na namba za simu za wenyewe. Kwa nini? Ukimuuliza angekwambia hata yeye hajui. Mimi nadhani aliona kuwa maadamu anazitunza, basi hajawatendea ubaya wote. Dhamiri ya mtu ni mjanja, inatafuta pa kukalia.

Sasa, Kitufe, binti yule, alikuwa amemsumbua baba yake miezi miwili. Alitaka kengele ya kumvisha Soksi. Baba aliahidi, akasahau, akaahidi tena. Alhamisi moja akavua kola nyekundu kwenye shingo ya paka mzee wa rangi ya majivu, na kola ile ilikuwa na kengele ndogo ya shaba, nzuri kweli. Aliitazama. Akakumbuka uso wa binti yake. Akaing'oa, akaisuuza kwa sabuni mara tatu, akaiweka ndani ya bati, na wiki tatu baadaye ndipo alipothubutu kuitia mfukoni.

Jamani, kati ya kengele zote za dunia.

Soksi alivishwa jioni hiyo, na asubuhi ndipo alipoanza kusoma kopo. Siku ya pili, saa saba mchana, Mama Kitufe alikuwa anakunja nguo sebuleni, Soksi amelala kwenye kiti mbele yake, kengele imetulia shingoni. Kengele ikalia ukumbini. Ililia polepole, hatua kwa hatua, ikapita mlango wa chumba cha mtoto, ikasimama. Soksi aliinua kichwa akatazama kule, kisha akasogea kumpisha mtu nafasi kwenye kiti.

Mama alimvua Soksi kengele, akaifunga kwenye kitambaa, akaitia ndani ya sufuria yenye kifuniko. Ukumbini ikaendelea kulia.

Halafu ikaja harufu. Baba Kitufe aliitambua kabla ya mkewe, kwa kuwa alikuwa akiinusa kila siku kwenye tanuri la kazini, harufu nzito ya mafuta na manyoya yaliyochemka, na ingawa alikuwa ameoga na kubadili nguo, ingawa madirisha yalikuwa wazi na jua la mchana limejaa chumbani, harufu ile ilimfuata kutoka bafuni hadi sebuleni na kutoka sebuleni hadi mezani, ikakaa kwenye kiti kilichokuwa tupu kando ya binti yake, na hapo ikabaki, kama mgeni anayesubiri kupakuliwa chakula.

Mama akaweka sahani. Kitufe akainama, akanusa kipande cha kuku, akainua macho.

"Huyu ni nani?"

"Ni kuku, mwanangu."

"Najua ni kuku. Ni nani?"

Hakula. Usiku alipewa maharage, akauliza swali lilelile. Kesho yake ulikuwa mkate. Aliugeuza mkate huku na huku, akauliza kwa adabu kabisa, akaurudisha kwenye sahani. Siku ya nne alikuwa anakunywa maji tu, na mashavu yake yalikuwa yameingia ndani. Daktari alimpima kila kitu, akasema mtoto hana ugonjwa, ila asipokula siku chache zijazo atamlaza na kumtundikia dripu.

Waliporudi nyumbani mama alifunga mlango wa chumba na kusema kwa sauti ya chini sana, "Umeleta nini ndani ya nyumba hii?"

"Kengele tu."

"Ya nani?"

Baba Kitufe aliangalia sakafu. Alimweleza mkewe, kidogo kidogo, kuhusu mapipa ya bluu. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kunawa mikono. Alinawa kwa muda mrefu.

Mganga waliyemwita alikuwa fundi cherehani, mama mnene aliyekuja na utepe wa kupimia shingoni kwa sababu alikuwa ameacha gauni la mtu halijaisha. Hakuomba kuku wala kitambaa cheusi. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha Kitufe, akamshika kidole gumba.

"Hodi, mgeni," alisema. "Unatafuta nini kwa mtoto?"

Kitufe alijibu kwa sauti yake mwenyewe, na hilo ndilo lililomkata baba maini. Ila ilikuwa na uvumilivu ambao mtoto wa miaka mitano hana.

"Niliishi naye miaka kumi na mmoja. Tulilala dirisha moja. Akatolewa ndani ya kikapu, hakurudi. Nikasikia kengele yake, nikaifuata mpaka hapa. Yeye hayupo. Kila chakula nauliza kama ndiye. Hakuna anayenijibu."

Mganga alimgeukia baba. "Majini wengi hupenda kukaa na paka. Huyu kapotelewa na mwenzake. Nimefukuza majini wakorofi, Baba Kitufe, wa kupiga watu na kuvunja vyombo. Huyu kauliza tu. Nitamfukuzaje?"

"Basi nimjibu. Nitamwambia sasa hivi."

"Hakuja kwa ajili yako. Kamwambie aliyemlilia yule paka. Umwambie yote, na mgeni huyu atasikia hukohuko." Alisimama, akakaza utepe wake. "Na ufanye haraka. Mtoto hana nyama ya kuchezea."

Kibati cha kola nyekundu kilikuwa na jina Mpangaji, na namba ya simu. Aliyepokea alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke mwembamba aliyeishi peke yake. Alimkaribisha kwa chai kabla hajajua alichojia.

"Nilimwita Mpangaji kwa sababu alihamia hapa bila kuniuliza, na hakulipa kodi hata siku moja," alisema akicheka. Akampeleka uani. Kulikuwa na kaburi dogo lililozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. "Zahanati walinipa sanduku lake limeshafungwa. Wakaniambia nisilifungue, nitaumia. Kila asubuhi naja kumsalimia."

Kengele ilikuwa mfukoni mwa Baba Kitufe. Alikuwa amepanga maneno yote njiani. Alipomwona mama yule akiinama kuondoa jani kwenye mawe yale, maneno yalimpotea.

"Mwalimu, hayumo humo," alisema. "Nadhani sanduku lina mchanga. Nafanya kazi kwenye... wanakopelekwa. Niliikuta kengele yake." Akamkabidhi.

Mwalimu aliishika kengele bila kuitikisa. "Wamempeleka wapi?"

"Walimtupa, Mwalimu. Jalalani."

Mwalimu alilia, na Baba Kitufe akalia naye, na alipotoka alijihisi mwepesi. Ninamlaumu kwa mengi, lakini kwa wepesi ule namlaumu zaidi.

Nyumbani Kitufe alikuwa amekaa mezani. Mama alikuwa amempakulia wali, naye alikuwa anakula, tena kwa hamu. Wazazi walishikana mikono. Kisha mtoto akachora mstari katikati ya sahani kwa ncha ya kijiko, akala upande mmoja mpaka punje ya mwisho, akaweka kijiko chini.

"Umenijibu nusu," alimwambia baba yake. "Nami nimekula nusu."

Ukumbini kengele ikalia, ingawa kengele yenyewe baba alikuwa ameiacha ng'ambo ya mji, mkononi mwa Mwalimu.

Baba Kitufe alirudi kwa Mwalimu asubuhi, akapitiliza lango la kiwanda bila kuingia. Mwalimu alikuwa jikoni akimlisha paka mdogo, ambaye alimtambulisha, kwa sauti isiyo na nguvu, kuwa ni Mpangaji wa Pili. Paka mdogo alikuwa ameinamia kibakuli, analamba. Kopo lilikuwa juu ya meza. Baba Kitufe aliliona, akaijua rangi yake, akaijua picha ya kuku na samaki iliyochorwa juu yake, na hapo akafahamu kwamba alichojia kusema ni kibaya kuliko alivyodhani, kwamba kuna tanuri moja na mashine moja na unga mmoja unaoingia kwenye makopo yote, na kwamba mama huyu alikuwa amelinunua kopo lile baada ya Alhamisi ile, na akatamani mtoto aliyekuwa akidhoofika asiwe wake, akaona aibu ya kutamani hivyo, akafungua mdomo.

Alisema yote. Mapipa, kola, tanuri, unga, sahihi yake.

Mwalimu hakupiga kelele. Alivaa miwani, akachukua kopo, akasoma kwa sauti kama aliyezoea kusahihisha madaftari. "Kuku. Samaki. Na mazao mengine ya wanyama." Aliondoa kibakuli mdomoni mwa paka mdogo, akakiweka juu ya kabati. "Nimemlisha kwa mkono wangu."

"Hukujua, Mwalimu."

"Ndiyo. Wewe ulijua."

Hakumkaribisha chai. Alichukua makopo yote, manne, akaenda uani, na Baba Kitufe alipotaka kumsaidia kushika jembe alimwambia aende kwa mtoto wake.

Alipita kiwandani tu kuchukua bati lake la biskuti na kusema kwamba hataweka sahihi tena. Meneja alimwambia langoni kuna foleni ya wanaojua kuandika.

Mchana ule Kitufe alikula sahani nzima. Hakuuliza kitu. Akaomba aongezwe, na mama akapakua huku machozi yakimdondokea kwenye mwiko. Harufu ilikuwa imeondoka. Ukumbini palikuwa kimya. Soksi alijinyoosha kwenye kiti chote, peke yake.

Lile kopo la siku ya kwanza lilikuwa bado liko juu ya rafu. Kitufe alishuka kitini, akalichukua, akarudi nalo mezani. Akaweka kidole chini ya maandishi.

Kitufe alikuwa hajaanza shule. Hakujua hata herufi moja ya jina lake.

"Mpangaji," alisoma, akatabasamu, akapita. "Chui, wa dereva wa teksi. Bi Mapacha, wa watoto wa ghorofani. Jenerali, wa yule mzee kipofu." Kidole kilikwenda kutoka kushoto hadi kulia, kikafika mwisho, kikarudi kushoto na kuanza mstari mwingine. Mama aliweka mwiko chini. Mtoto alisoma kwa muda mrefu, bila kukwama, mpaka kopo lilipogeuka mzunguko mzima.

Kisha aliisukuma sahani yake katikati ya meza, akaweka mikono mapajani, akamtazama baba yake na kusubiri.

 Baba alifungua bati la biskuti, akapekua kola hadi akakuta kibati cha Chui, akaanza kutafuta viatu vyake.