Hereni za Togzhan

Walikutana sokoni Almaty, nchini Kazakhstan. Mfuko wa Madi ulipasuka, tufaa likabiringika hadi kwenye buti jekundu la Togzhan.

"Dada, likamate hilo!" kijana akaita.

"Kukamata ndiyo kazi yangu," Togzhan akacheka. Na kweli. Benki ilimwajiri aifundishe akili bandia kuzifuata pesa za wizi zinazotakatishwa kwa sarafu za mtandaoni.

Wakapendana, na mwezi wa kumi mama yake Madi akamvisha Togzhan hereni za fedha. Kwao ukishavishwa na mama mkwe, umeposwa. Togzhan alitembea akitikisa kichwa makusudi, zilie.

Jumatatu moja, akili bandia ikafuata pesa za wazee waliotapeliwa. Zilikuwa zimegeuzwa sarafu, zikarushwa huku na kule, mwisho zikatua kwenye kadi ya benki. Jina: Madi. Togzhan akalisoma tena jina hilo. Akapiga simu.

"Roho yangu, kadi yako anaitumia nani?"

"Jamaa yangu mmoja. Anauza sarafu, ananiachia kidogo. Kwani?"

"Ulijua zinatoka wapi?"

"Sikuuliza."

"Na hereni je, ulizinunua kwa pesa hizo?"

"Ndiyo. Togzhan, lifute hilo jina kwenye ripoti. Nani atajua?"

"Mimi, Madi."

Akatuma ripoti huku analia, akazivua hereni, akazikabidhi polisi. Madi naye alijisalimisha, akamtaja jamaa yake. Mahakama ikamwamuru Madi arudishe kila alichopewa, akaenda kubeba magunia sokoni.

Majira yote ya baridi Togzhan alimtamani hadi mifupa ikauma. Mashine yake ilijua pesa zimelala wapi, lakini haikuweza kumwambia kama Madi amekula. Mara ngapi alishika simu, akairudisha mkobani!

Theluji ilipoyeyuka, akaenda sokoni, eti kununua tufaa.

"Dada," sauti ikasema nyuma yake.

Madi alikuwa amekonda, aproni imejaa vumbi. Akafungua kiganja: hereni mbili za shaba.

"Nimemaliza kulipa. Hizi ni za jasho langu. Ila najua matundu ya masikio yako yameshaziba."

Togzhan akasogeza nywele. Kila sikio lilikuwa na kipande cha uzi mwekundu.

"Nimeyatia uzi tangu siku ile, mjinga wee. Ulidhani nitangoja mpaka lini?"

Machozi yakamtoka Madi mbele ya wateja.

"Mama yuko wapi?"

"Pale kwenye meza ya jibini. Anajificha."

"Basi mwite, aje anivishe."