Kipoyi Kilichorudi Mlimani

"Aziza, sisi tunashuka. Tulia hapo, tutatuma watu."

"Cécilia... unaniacha?!"

"Kanuni uliiweka mwenyewe. Atakayekwama anaachwa."

Jamani! Mguu umevunjika, mfupa unasukuma ngozi, wingu jeusi linakuja, na rafiki niliyekuwa naye miaka tisa ananisomea kanuni!

Zakaria, mwenzetu wa tatu, hakuniangalia hata usoni. Alinisogezea chupa ya maji kwa ncha ya kiatu, wakaondoka.

Ngoja nianze mwanzo.

Mimi ni mtoto wa Ujiji. Sisi Wamanyema wa Kigoma tumekua na hadithi za Kongo, ila wengi hatujawahi kuikanyaga. Mwaka huu nikawashawishi wenzangu wawili tuvuke ziwa. Tutalii Kasongo, tupande milima ya Kabambare, halafu tufike Wamaza nikamuone bibi Mwamini, dada pekee aliyebaki wa marehemu babu yangu. Sikuwahi kumuona, hata kwa picha. Nilimbebea kitenge kipya kwenye begi.

Programu ya safari niliandika mimi, saa kwa saa, na ile kanuni pia. Waliniita kamanda, na nilipenda!

Kasongo ilienda vizuri, picha kibao. Siku ya mlima tukatoka Kabambare na pikipiki tatu za kukodi. Karibu na mlima tukakutana na wanaume wanne wamebeba kipoyi, kile kitanda cha miti na kamba cha kubebea wagonjwa mabegani. Aliyelazwa juu yake alikuwa amefunikwa mpaka usoni.

Wa mbele akanyoosha mkono.

"Dada, mutusaidie pikipiki moja tu. Mama iko mugonjwa sana. Tunamupeleka hospitali, Kabambare."

Dereva wangu, Héritier, alikuwa ameshazima injini.

"Haiwezekani," nikasema. "Tuna programu. Mvua itatukuta kabla ya kilele."

"Dada, ni mama yangu muzazi..."

"Héritier, washa twende!"

Zakaria aliwapiga video tukiwapita. Chini ya mlima tukawaacha madereva na pikipiki, tukapanda kwa miguu.

Ndiyo, ni mimi huyu huyu. Tukaneni, nasubiri.

Saa nane mchana, karibu na kilele, nikateleza. Waliyonifanyia wenzangu mmeshayasoma.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Simu haina mtandao. Nikajaribu kutambaa, nikasogea hatua mbili tu, nikatapika kwa maumivu. Mvua ikaanza. Nikajikojolea. Mtu mzima, kamanda mzima, nalia namwita mama!

Halafu... nikasikia watu wanapanda.

Wanaume wanne. Kipoyi kilekile! Kitupu.

Nikajua nimekwisha. Yule wa mbele aliinama, akanitambua.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Nisamehe kaka..."

"Nyamaza, mutoto. Utaumia zaidi."

Wakanifunga mguu kwa vijiti na kamba, wakaniinua. Wenzake walimwita Moustapha. Njia ilikuwa tope tupu, lakini hakuna aliyeniyumbisha.

Nikajikaza kuuliza.

"Mama yenu... alifika?"

Alijibu bila kugeuka.

"Hatukufika mbali. Alizidiwa, tukamupumzisha juu ya kipoyi kwa baraza ya nyumba moja, hapa chini ya mulima. Wenzako walipita na pikipiki, hawakusema kitu. Héritier ndiye alisimama, akatuambia iko mutu amevunjika huku juu. Mama akasikia. Akasema, 'Munishushe miye. Muende mumubebe mutoto wa watu.'"

"Kwa nini hamkumpakia kwenye pikipiki ya Héritier?"

"Asubuhi angeweza kukaa kwa pikipiki, tungemushika. Saa ile hakuweza hata kuinua kichwa. Héritier amekimbia kuita muganga."



Tulipofika kwenye ile nyumba, wanawake walikuwa wanalia. Walikuwa wameshamfunika. Moustapha alinishusha kwanza, polepole, ndipo akaenda kupiga magoti kando ya mama yake.

Mwanamke mmoja akapaza sauti: "Mwamini eeh! Mwamini wa Wamaza!"



"Mwamini... yupi?"

"Mama yangu," Moustapha akasema. "Wiki yote alikataa kwenda hospitali. Eti mujukuu wa kaka yake anatoka Ujiji, asikute nyumba tupu."

 Nilifungua begi, nikakitoa kile kitenge, nikamnyooshea.

Alikiangalia. Akaniangalia mimi.

"Ujiji?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Alikipokea, akakikunjua, akamfunika mama yake. Alikaa hapo kidogo. Kisha akapangusa uso, akarudi, akaweka bega lake chini ya mti wa kipoyi.

"Baba mdogo, kaa na mama yako," nikamsihi. "Niacheni hapa hapa!"

"Mama alituagiza tukufikishe," akasema. "Bado hatujafika."

Naandika haya kitandani, hospitali, Kabambare. Juzi wamemzika bibi huko Wamaza. Mimi hata kukaa siwezi, sembuse kwenda kutupa udongo.

Cécilia na Zakaria wameshavuka ziwa. Nimejaribu kuwachukia, nimeshindwa, kwa sababu ile kanuni walijifunza kwangu.

Ndugu zangu, ukikutana na mgonjwa njiani, usiulize ni wa nani. Mpishe, mbebe, mpe chombo cha usafiri ulichonacho. Atakuwa wa mtu, na huenda mtu huyo ni wewe.

Programu yangu bado ninayo mfukoni, imelowa lakini inasomeka. Kesho yake baada ya mlima, saa nne asubuhi, nimeandika kwa mkono wangu: Wamaza, kumsalimia bibi.