Mlango Uliotazama Ndani

"Mlango umeuweka kinyume, na usiniambie hujui."

"Sikuuweka kinyume, mama. Nimeuhifadhi."

"Kuhifadhi gani huko, uso wa mlango unatazama jikoni?"

Fundi seremala alikuwa bado na vumbi la mbao kwenye nyusi. Mama yake, aliyezaliwa na kukulia kwenye vichochoro hivi vya mji wa kale, aliukazia mlango macho kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemtaka.

Watu wa ofisi ya majengo ya kale walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba, wakataka kila nyumba irudishiwe mlango wa zamani. Fundi akaenda kwenye nyumba ya kona, iliyoporomoka mvua za mwaka jana, akaung'oa mlango wake wa nakshi. Lakini upande wao jua la mchana ni kali, na nakshi zilikwisha kuanza kupasuka. Basi akaugeuza, nakshi zikawa ndani, bawaba na komeo la zamani vikawa nje. Komeo akalipigilia msumari, watoto wa mtaani wasije wakawafungia.

"Wakija kukagua nitaugeuza," alisema. "Mlango ni mlango, mama. Hauna kisogo."

"Una kisogo na una uso. Waliojenga mtaa huu kila mlango waliuwekea mlinzi, na si binadamu. Anatazama kwa ule uso. Aliye mbele ya uso ndiye mgeni."

"Kwa hiyo sisi ni wageni kwetu?" Fundi akacheka. "Basi mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mkewe, aliyekuwa na mimba ya miezi minane na siku zake, hakucheka.

"Baba kijacho," alisema kwa sauti ya chini, "asubuhi nilipotaka kutoka, mlango ulishikwa."

"Umevimba. Mbao hunywa unyevu."

"Ulishikwa. Mtu akaniuliza, nani? Nikasema, mimi. Ukaachia."

"Jirani huyo."

"Kichochoro kilikuwa kitupu."

Kesho yake mkewe alipojibu hivyo hivyo, aliulizwa, mimi nani. Keshokutwa aliulizwa ana shida gani, na ilibidi aeleze kwamba anakwenda kliniki, huku kwenye nakshi kukitoka harufu ya taa ya mafuta iliyozimwa punde, ilhali nyumbani kwao hakukuwa na taa ya mafuta. Siku ya nne aliyeulizwa ni fundi mwenyewe. Alirudi mezani, akaketi, hakugusa chai.

"Nitaugeuza," alisema.

"Leo?" mkewe akauliza.

"Kesho asubuhi. Leo nina kabati la watu."

Mama yake akakiondoa kikombe chake cha chai.

Mchana huo fundi alirudi kula. Kuingia hakukuwa na taabu, maana kuingia hakujawahi kuwa na taabu. Taabu ilikuwa kutoka. Hakuwa amemaliza kunawa mikono aliposikia kitu kidogo cha chuma kikidondoka juu ya jiwe la kizingiti, kwa nje. Ulikuwa msumari. Kisha komeo la zamani likateleza taratibu mpaka mwisho, kama linavyofungwa na mtu mwenye nyumba yake.

Na hapo hapo mkewe akajishika kiuno. Maji yalikuwa yamemwagika miguuni pake.

"Mume wangu, nipeleke hospitali. Sasa hivi."

Fundi alichukua bisibisi akakimbilia mlangoni, akakumbuka kwamba bawaba zote ziko upande wa pili, akaitupa, akachukua nyundo akagonga mpaka mkono ukafa ganzi, na mbao hazikutoa hata mlio wa mbao, ila mlio mzito kama wa kupiga godoro. Alipanda dirishani, akashika nondo, akamwita muuza maji aliyekuwa akipita chini na mkokoteni wake, akamwita kwa jina lake la utani ambalo mtaa mzima unalijua, na yule bwana akapita bila kuinua kichwa, kama apitavyo mtu kwenye nyumba isiyo na watu, na ndani, nyuma ya fundi, mkewe alikuwa akiguna kwa uchungu uliokuja karibu karibu zaidi, na ile harufu ya taa iliyozimwa ikajaa chumba kizima mpaka wakawa wanaionja.

"Mama," fundi alinong'ona, "unajua la kufanya?"

"Mgeni hagongi kwa nyundo, mwanangu."

Mama yake alijifunga mtandio wake vizuri. Akasimama mbele ya nakshi, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe ndani ya nyumba hiyo.

"Hodi," alisema.

Akabisha taratibu kwa kifundo cha kidole.

"Hodi wenyewe. Tuna mgonjwa. Tunaomba kupita."

Kwa nje walisikia nyayo zikija polepole, zikasimama. Sauti ilikuwa ya upole, ya mzee aliyezoea kupokea watu.

"Mko wangapi hapo nje?"

"Watatu," fundi alijibu haraka. "Tuko watatu tu, mzee wangu."

Nyuma ya mlango mtu alikaa akisikiliza, muda mrefu.

"Nasikia mioyo minne. Mnipe kwanza huyo mdogo, nyinyi wengine ngojeni huko huko nje."