Mobley wa Ng'ambo ya Kijito

Jumatatu ile ya mwezi wa nane, ofisi ya leseni za magari ya mji wa Catlett Ford, huku kusini, ilijaa hadi watu wakasimama nje juani, na wengi wao walikuwa wageni. Ungewajua kwa vibao vya namba vya magari yao: Ohio, New Jersey, Michigan, New York. Kila wiki walikuja wengine, na kila wiki shamba jingine la pichi lilikatwa ili wapate pa kulala.

Lavonia Mobley alipata kiti cha mwisho karibu na mlango. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, dereva wa basi la shule, na alikuja kufanya upya leseni yake ya kazi. Siku hiyo alivaa gauni la kitani la rangi ya ndizi mbivu, na nywele zake alizisuka mistari myembamba iliyolala nyuma hadi shingoni. Mwanamume aliyekaa kiti cha pembeni yake alikuwa mrefu, na shati lake jeupe lilipigwa pasi mbele tu, mgongoni limekunjamana.

"Samahani, dada," mwanamume akasema, akimwonyesha kikaratasi chake. "Mimi ni namba tisini na nane. Nitafika leo?"

"Utafika. Sijui kama utakuta mtu dirishani."

Akacheka. Lavonia akamtazama vizuri.

"Umetoka wapi?"

"Detroit."

"Umeleta karatasi ya kuonyesha unapoishi?"

"Nimeleta leseni yangu."

"Leseni ya Detroit inaonyesha unaishi Detroit. Hapa wanataka bili ya maji, ya umeme, kitu chochote chenye jina lako na nyumba ya huku."

Akapekua bahasha yake, akaipekua tena. "Sina."

"Pole. Basi umekaa saa mbili bure."

"Sijakaa bure hata dakika moja."

"Ehee! Haya maneno mnafundishwa shuleni huko kwenu?"

"Bibi yangu ndiye alinifundisha. Alisema ukikaa karibu na mwanamke mzuri ukanyamaza, umemkosea Mungu aliyemuumba."

"Mh. Huyo bibi yako ana maneno kama ya huku kwetu."

"Alikuwa nayo. Tumemzika miaka minne sasa." Akajipapasa mfukoni, akatoa simu. "Nikirudi kesho nikakosa karatasi nyingine, nitamwuliza nani?"

Lavonia akampa namba yake, na ikabidi jina lake liitwe dirishani mara mbili, maana mara ya kwanza hakulisikia.

Mwanamume huyo aliitwa Ellis Broadnax, fundi wa mitambo katika kiwanda kipya cha betri. Alipanga nyumba kwenye mtaa ulioitwa Bustani ya Pichi, ambako huwezi kuona mpichi hata mmoja. Kutoka hapo hadi kwa Lavonia, zamani, ulikuwa mwendo wa dakika kumi. Sasa barabara ilikuwa inachimbwa pande zote mbili, malori ya kokoto yanapishana, na mtu aliyeondoka kwa mpenzi wake akicheka aliweza kufika kwake amenuna.

Kwa hiyo mapenzi yao mengi yalikuwa ya ndani ya gari na ya simuni. Walinunua karanga za kuchemsha kando ya barabara, wakala kambare wa kukaanga juu ya boneti, Ellis akafundishwa kumwinulia kidole cha salamu kila dereva anayepishana naye.

"Lakini simjui yule mzee," Ellis alisema.

"Yeye anakujua sasa. Ameona hukumsalimu."

Na kila walipoagana Lavonia alisema neno moja tu: "Piga ukifika." Baba yake alikufa kwenye barabara hiyo hiyo, siku ya mvua, mita mia tatu kutoka nyumbani. Kwa hiyo hakulala mpaka simu ilie.

"Nimefika, mrembo."

"Mbona umechelewa?"

"Nilikuwa nyuma ya lori la magogo. Ulikuwa umeshaanza kunililia?"

"Nilikuwa nimeshachagua gauni jeusi."

Walicheka, na ndipo Lavonia akazima taa.

Mwezi wa kumi ulipoingia, Lavonia akampeleka kwa mama yake, Jumapili baada ya ibada. Bi Ernestine alikuwa mjane, kiongozi wa kina mama kanisani, mtu asiyecheka na mgeni kabla ya kumjua. Alikaanga kuku, akapika sukuma wiki kwa mifupa ya nyama ya moshi, makaroni ya jibini, na jagi la chai ya barafu tamu hata meno yakauma. Ellis alikuja na suti ya bluu na tai, mgongo wa shati safari hii umenyooka. Kila alichoulizwa alijibu, "Ndiyo, mama," na Bi Ernestine akaanza kulegea.

Kisha akauliza swali ambalo huku kila mgeni huulizwa, mapema au baadaye.

"Haya, mwanangu. Watu wako ni akina nani?"

"Broadnax ni wa Alabama, mama. Lakini mama yake mama yangu alizaliwa hapa hapa. Ndiyo sababu nilipoona kazi ya Catlett Ford niliikimbilia. Alikuwa Mobley kabla ya kuolewa. Odessa Mobley."

Uma wa Lavonia ukagonga sahani. "Mobley? Wewe hukuniambia!"

"Nilikuwa nakuwekea," Ellis alisema, tabasamu likianza kumtoka usoni. "Nilidhani mtafurahi. Huku Mobley ni wengi. Kuna barabara ya Mobley, kuna daraja la Mobley..."

"Odessa," Bi Ernestine akarudia. "Aliondoka mwaka gani?"

"Hamsini na saba."

Bi Ernestine akaweka kitambaa chake mezani polepole. "Baba mkwe wangu, Lucius, babu yake huyu binti, ndiye aliyempeleka Odessa stesheni ya treni. Mama mkwe alinisimulia. Lucius alirudi akakaa ndani ya lori lake uani, analia mpaka giza. Hakuna mtu aliyethubutu kumwuliza. Sasa mimi nawauliza nyinyi: mwanamume analia hivyo kwa ajili ya nani? Kama alikuwa ndugu yake, nyinyi ni ndugu. Na kama hakuwa ndugu, alikuwa kitu kingine, na msichana akaondoshwa haraka kwenda kuzaa mbali, basi nyinyi ni ndugu vilevile."

Ellis alisema mama yake alizaliwa mwaka wa sitini na moja, miaka minne baadaye. Bi Ernestine akasema karatasi za zamani zilikuwa zinaandikwa na yeyote vyovyote. Hapo hakuna aliyekula tena. Wale wawili walitazamana, kila mmoja akichunguza uso wa mwenzake: pua hii ni ya nani, hili paji la uso nimeliona wapi? Walikuwa wamekwisha kubusiana mara nyingi sana.

"Kuna kipimo," Ellis akasema mwishowe. "Mnatema mate kwenye kichupa, mnapeleka kwa posta. Kinasema kama mna damu moja. Wiki sita, saba."

"Agiza," Lavonia akasema, akainuka kuosha vyombo, maana hakujua afanye nini na mikono yake.

Lavonia alipokuwa jikoni, Bi Ernestine alimtoa Ellis nje hadi barazani.

"Unamcha Mungu, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi niahidi. Mpaka jibu litoke usimwone binti yangu, usimguse, usimpigie simu. Kila neno tamu unalomwambia sasa huenda ukawa unamwambia ndugu yako. Na jibu likija, mimi uniambie kwanza, nimwandae."

Ellis alilelewa na Odessa, na Odessa alimfundisha kwamba mkubwa akiomba ahadi mbele za Mungu hajibiwi kwa ubishi. Macho yalimjaa machozi. "Naahidi, mama."

Alirudi ndani kuaga. Lavonia akasema, "Piga ukifika," na yeye akaitika kwa kichwa bila kumtazama.

Simu haikulia.

Lavonia alipiga mwenyewe. Ikaita hadi ikakatika. Akapiga asubuhi, akapiga jioni, akapiga wakati basi liko tupu kwenye maegesho ya shule. Kichupa kilikuja kwa posta bila barua, jina lake limeandikwa kwa mwandiko wa Ellis. Akatema, akafunga, akatuma. Majibu yote mawili yangekwenda kwenye simu ya Ellis, na Ellis hapokei.

Njia ya basi lake ilipita Bustani ya Pichi. Kila asubuhi, watoto arobaini nyuma yake wakipiga kelele, alipunguza mwendo mbele ya ile nyumba, akaona gari lipo, pazia limefungwa. *Amechukizwa nami,* aliwaza. *Ananiona kama najisi.* Siku nyingine aliwaza vibaya zaidi: *amekwisha jua, na hawezi kulitamka.*

"Kula, mwanangu," Bi Ernestine alimwambia.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Hujagusa kitu."

"Mama, mtu anawezaje kunyamaza hivi? Hata mbwa ukimfukuza anageuka kukutazama."

Bi Ernestine akamwongezea supu. Aliomba kila alfajiri, magoti yamekufa ganzi, lakini alijua mwenyewe kwamba maombi ya mtu anayeficha neno hayapandi juu ya dari.

Wiki ya Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, gari la Ellis halikuwepo. Jumatatu halikuwepo, Jumanne halikuwepo, majani makavu yamejaa pale lilipokuwa linasimama. Jumatano Lavonia alimaliza zamu, akafika nyumbani, akavua kofia yake ya kazi na kusema tu, "Amerudi kwao." Hakulia. Bi Ernestine angefurahi kama angelia.

Jumamosi mchana walikuwa jikoni, Bi Ernestine anamenya viazi vitamu, Lavonia anafuta meza ambayo ilikuwa safi, mlango wa nyuma ukabishwa. Ellis alisimama pale na koti lililolaliwa, ndevu za siku tatu, macho mekundu. Aliendesha kwa muda wa saa kumi na mbili, akalala kidogo tu garini huko Virginia Magharibi.

"Umepotea njia?" Lavonia akamwambia. "Detroit iko upande ule."

"Nimetoka huko."

"Basi rudi."

"Nimekuja kwa mama yako."

"Kwa mama yangu! Una nini na mama yangu?"

Kisu kikamtoka Bi Ernestine mkononi, kikaanguka ndani ya maganda. "Kaa, Lavonia. Asitukanwe bure. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwapisha asikupigie, asikuone, jibu aniletee mimi kwanza."

Lavonia alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Wiki saba, mama. Umeniona ninavyokonda, ukanipikia supu!"

"Niliogopa."

"Na mimi je, sikuogopa? Nilikuwa najinusa kama nina uvundo!" Akamgeukia Ellis. "Na wewe! Ahadi gani hiyo? Ungeshindwa hata kupitisha kikaratasi chini ya mlango?"

"Kila siku ulipopita na basi nilikuwa nyuma ya pazia," Ellis akasema. "Nilikuona unapunguza mwendo. Siku mbili nilishika kitasa. Nisamehe. Nilifikiri nikivunja ahadi, Mungu atanijibu kwa jibu nisilolitaka."

Lavonia akaanza kuifuta meza tena. Alikuwa amewahi kufikiri hivyo hivyo.

"Sema," Bi Ernestine akanong'ona. "Niambie."

"Hatuna, mama. Mimi na yeye hatuna damu moja. Hata ya mbali kipimo hakikuiona."

Bi Ernestine alishika ukingo wa meza. Lavonia akavuta kiti, akakaa.

"Jibu lilikuja nikiwa kwa mama," Ellis akaendelea. "Nilikwenda kwa sababu alikataa kusema kwenye simu. Alisema mambo ya mama yake huyasema uso kwa uso. Bi Odessa hakuwa ndugu wa Lucius, na hakwenda kuzaa. Walipendana tu. Yeye Mobley wa ng'ambo ya kijito, Lucius Mobley wa upande huu. Wakaomba kuoana. Wazee wa pande mbili wakakaa, wakasema Mobley kwa Mobley haiwezekani. Walijua jina lile lilikuwa la mzungu mwenye shamba, kila aliyetoka utumwani pale alitoka nalo. Lakini nani angeapa kwamba kule shambani hakuna aliyezaa na yule au yule? Hakuna. Wakaona heri wakosee kwa kuogopa. Bibi akakatiwa tiketi ya Detroit. Na mwenye lori katika ukoo mzima alikuwa mmoja tu."

"Lucius," Bi Ernestine akasema.

"Wakamtuma yeye."

Mbali kidogo tingatinga lilikuwa linasukuma udongo, siku zote linasukuma udongo.

"Kwa hiyo ilikuwa bure," Lavonia akasema. "Hawakuwa na damu moja, ilikuwa jina tu. Jina ambalo hata halikuwa letu."

"Bure," mama yake akasema. Akafunika uso kwa aproni. "Na mimi nikataka kufanya lile lile. Mungu wangu, nilikuwa nimeshalifanya nusu."

Ellis akachuchumaa mbele ya kiti cha Lavonia. "Wangeoana, mimi na wewe tusingekuwepo."

"Usinifariji kwa hesabu, Ellis."

"Basi naacha hesabu." Akapiga goti moja sakafuni, katikati ya maganda ya viazi. Hakuwa na pete. Duka alilolikuta wazi njiani lilikuwa la mafuta ya gari. "Bi Ernestine, mimi ni mjukuu wa Odessa wa ng'ambo ya kijito, na watu wangu mmeshawajua. Naomba kile walichomnyima bibi yangu. Lavonia, utaolewa na mimi?"

Lavonia alikuwa analia sasa, kwikwi za wiki saba zote kwa pamoja, mabega yanatikisika.

"Niache kwanza," akasema.

"Niondoke?" Uso wa Ellis ulimbadilika.

"Nimesema uondoke? Niache nilie."

"Unanililia mimi?"

"Wewe nimeshakukubali tangu nusu saa iliyopita, huoni? Inuka, unachafua suruali." Akajifuta kwa kiganja, machozi yakaja mengine. "Namlilia babu, ndani ya lile lori."