Kiti Alichorithi kwa Mjomba

Picha ilipoanza kujitokeza ndani ya dawa, kiti kilikuja kwanza, halafu pazia, halafu viatu vya mtoto. Mtoto mwenyewe hakuja.

Mpiga picha aliitikisa trei, akasubiri chini ya taa nyekundu. Viatu viwili vilining'inia mbele ya kiti kitupu. Chumba cha giza kikaanza kunuka mafuta ya rangi, yale ya mjomba wake, na mjomba alikuwa na mwaka wa tatu kaburini.

"Upuuzi," alisema kwa sauti, maana siku hizo alikuwa na hasira hata na kuta.

Sababu alikuwa nayo. Mjomba alikuwa mchoraji aliyejulikana hadi ng'ambo. Kila alipochora watu aliacha kiti kimoja kitupu katikati yao, na wajuzi wakaandika vitabu juu ya kiti hicho. Mpwa wake, huyu mpiga picha, akakirithi kiti chenyewe, akamwiga kwa kamera. Alipiga filamu moja mara mbili, mara tatu, akaikwangua kwa sindano mpaka watu wakaonekana kama wamepakwa kwa brashi, na kiti akakiacha kitupu vilevile. Kwenye maonyesho yake wakasemaje? "Kivuli cha mjomba." Mtu mzima, vidole vimebabuka kwa dawa, anaitwa kivuli! Akaapa kuwakomesha. Akamchukua bintiye wa miaka sita, waliyemwita Kijino kwa ajili ya pengo lake, akamkalisha pale ambapo mjomba hakuthubutu kumweka mtu.

Alipotoka chumba cha giza alimkuta Kijino sebuleni.

"Mama, naomba niinuke," mtoto alinong'ona.

Alikuwa amesimama.

Mama alimshika mkono, na mkono ulikuwa baridi, akamvuta hadi kwenye kioo cha kabati akijiambia kwamba ni homa tu, homa za watoto huja na kuondoka, na kwenye kioo akajiona yeye mwenyewe ameinama, ameshika hewa, na chini karibu na miguu yake vile viatu viwili, vinatetemeka.

Akampigia simu mkazamjomba wake, mjane wa mchoraji. Bibi huyo alifika mchana ule ule, akanusa hewa mlangoni, akakataa kuingia.

"Umemkalisha nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mwanangu."

"Masikini! Kile kiti kina mwenyewe. Mjomba wako alimwekea nafasi katika kila picha ili asiwaguse watu. Ndivyo walivyopatana tangu ujana wake."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanitazama nikikipakia garini, ukaniambia Mungu akubariki!"

"Nilikwambia usikikalie."

"Uliniambia kina mguu mbovu!"

"Ningesemaje?" Bibi naye alipandwa na hasira. "Kwamba sifa zote zile, vitabu vyote vile, ni woga wa mume wangu? Sikiliza. Kipige picha tena kikiwa kitupu, umwombe radhi. Na kila picha utakayopiga mpaka ufe, umwachie nafasi yake."

Mpaka afe. Mpiga picha alihisi damu inamchemka. Yaani amwogope mjomba hata akiwa mfu, na huyo asiyeonekana juu yake, na wale wajuzi waendelee kumwita kivuli! Alikiburuta kiti hadi uani, akakipasua kwa shoka, mkazamjomba akimlilia, "Usifanye hivyo, mwanangu, hasira hasara," naye akimwaga mafuta ya taa, akiwasha, akimtukana mjomba na kiti chake na walaji wa sifa wote, mpaka miguu yote minne ikawa majivu na ile harufu ya mafuta ya rangi ikakatika kabisa.

Akakimbilia ndani. Kijino alikuwa mbele ya kioo, anajitazama, anatoa ulimi kwenye pengo. Uso wake umerudi. Mama aliangua kilio cha furaha.

"Mama," alisema Kijino, na shingo yake ikaanza kuinama polepole, mabega yakashuka, magoti yakakunjika, "mwambie ashuke. Mzito."

Nje, mlangoni, mkazamjomba alikuwa amejifunika uso. "Umemchomea kiti," alisema. "Ulitaka akae wapi?"

Mpiga picha alinyoosha mikono ambebe mwanawe. Kabla haijamfikia mtoto, ikagota kwenye magoti ya mtu.